Nyumba ya Mama Sabina Si Kuni

Si kuni. Kevo, nakwambia mbele ya wasee wote kwa hii grupu, ile nyumba si kuni, na Mzee Barno hakuwa amechanganyikiwa siku aliiweka vile aliiweka. Alhamisi uliandika ati mzee alikosea, ati Jumatatu nyinyi mnaenda kumaliza makosa yake na nyundo, na mbao ikishuka mtauzia jikoni ya shule ichemshe githeri. Watu wakacheka. Wengine wakaweka kile kidole cha kukubali. Mimi nilizima simu, nikanywa maji, nikaiwasha tena, na hasira ilikuwa bado iko hapo imekaa kama mgeni. Kwa hivyo leo naandika mrefu na utasoma yote, kwa sababu mimi ndiye nilikuonyesha mtaimbo unashikwa wapi.

Najua mtasema Kui amestaafu, Kui akapumzike. Ndiyo, nimestaafu. Sijafika arobaini na mgongo yangu imekataa kazi, daktari akasema nisibebe kitu nzito kuliko mtoto, na huyo mtoto asiwe mnene. Lakini mdomo haijastaafu.

Kwa wale mmeingia juzi na mnajua tu kazi ya kufunga vibanda vya mabati, wacha niwaambie sisi tulikuwa nani. Sisi tulikuwa watu wa kuhamisha nyumba. Sio viti na vitanda. Nyumba yenyewe. Huku kwetu mtu wa kawaida alikuwa anakodisha kipande ya ardhi, halafu anajenga yake ya mbao ama ya mabanzi juu yake. Ardhi ni ya mwingine, nyumba ni yako. Mwenye ardhi akitaka ploti yake, unabeba nyumba yako unaenda. Mnaona rahisi. Jaribuni.

Mimi nilianza Elburgon. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na fomu wani haikuwezekana, na kwetu ukikosa shule unaenda kiwanda ya mbao. Nilienda, wakanifukuza kwa geti, wakasema msichana atakatwa vidole. Sawa. Nikasimama nje ya fensi nikiangalia vile mafundi wanafanya, siku baada ya siku, halafu nikarudi nyumbani nikavunja banda ya kuku ya mama yangu nikaijenga tena upande ule mwingine wa boma. Hakuna mtu alinituma. Mama alinitusi mpaka jirani wakatoka kuangalia. Kuku zenyewe zilikataa kuingia, zikawa zinaenda kulala pale banda ilikuwa zamani. Lakini banda ilisimama.

Mzee Barno alikuwa anapita na baiskeli, mtaimbo umefungwa kwa chuma ya katikati. Akashuka. Akaangalia banda, akanisalimia baadaye.

"Nani alihamisha hii?"

"Mimi."

"Misumari ulinyoosha?"

"Hapana. Nilitoa ingine kwa fensi ya jirani."

Akatingisha kichwa polepole kama mtu ameletewa habari ya msiba. "Kesho uje kwangu," akasema. "Kuna misumari inakungoja."

Na kweli ilikuwa inaningoja. Debe nzima. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa kwa jiwe, niweke msumari juu ya kipande ya reli, nigonge kidogo, niugeuze, nigonge kidogo. Ukigonga kwa hasira unavunjika. Mimi nilikuwa sijui kugonga kitu bila hasira, kwa hivyo nilivunja mingi na kidole yangu ikawa nyeusi. Mzee hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa anapita tu, anaokota ile imevunjika, anaiweka kwa mfuko wa koti, anaenda. Hiyo ilinichoma kuliko matusi. Nikajifunza.

Halafu akanifundisha chaki. Kila ukuta una herufi, kila ubao una namba, na unaandika upande wa ndani, sio wa nje, kwa sababu lori ya Elburgon ikishuka na mvua ya Mau chaki ya nje yote inaenda na maji na mnafika na nyumba haina jina. Upande wa nje kwanza haushiki chaki, umepakwa oili chafu ya magari ili mchwa asikule. Mnashusha mabati kwanza, halafu kuta, halafu fremu. Kusimamisha ni kinyume, isipokuwa mlango. Mlango Mzee alikuwa anataka uingie mapema, hata kama kuta zingine bado ziko chini kwa nyasi. Ungekuta mlango umesimama peke yake katikati ya shamba ya mtu, na mwenye nyumba anafungua na kupita kama amerukwa na akili. Nilidhani ni mchezo. Baadaye nikaona mtu akishapita kwa mlango wake mara moja, anaacha kulia.

Kwa sababu walikuwa wanalia, mjue. Hiyo hawakuambii kwa hii kazi. Mtu ameishi hapo, amezaa hapo, halafu vijana wanakuja wanatoa ukuta na kila mtu barabarani anaona kitanda yake. Mzee alikuwa na sheria moja hakuna mtu alikuwa anaibishia: nyumba ikitoka asubuhi, jioni mwenyewe anafunga mlango kutoka ndani ndio sisi tunaondoka. Hata kama dirisha ni gunia. Na hatukuwa tunaondoka mpaka tusikie komeo.

Sasa kuhusu mji. Nyinyi mnaona fleti mnadhani zilikuwa hapo. Mimi nilikuwa naona mji ukija. Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil, zote zilikuja kwa njia moja. Kwanza unaona mawe madogo ya mpaka yamepandwa kwa shamba ya mahindi. Halafu marundo ya mchanga. Halafu lori za mawe zinaanza kupita zikitoa vumbi, na mama fulani anaanza kuuza uji kwa vijana wa mjengo. Halafu mwenye ploti anatupigia simu. Tulikuwa tunaitwa siku moja kabla ya tingatinga. Tunachukua nyumba ya mbao katikati, tunaipeleka pembeni, pale mji unaishia. Mwaka unapita, miwili, tunaitwa tena palepale pembeni, na tunakuta hapo siku hizi ndio katikati. Kuna jamaa wa Njoro tulimhamisha mpaka tukazoeana na mbwa yake. Huyo mtu hakuwa anatafuta mji. Ni mji ulikuwa unamfuata.

Watu wa sensa wanahesabu watu. Mimi nilikuwa nahesabu choo. Ukiona ploti moja imechimbwa choo ya pili na watu bado wanapiga foleni asubuhi, hapo usiulize kama mji unakua.

Na sikuwa nawachukia wale wanakuja. Hiyo pia niseme. Mnapenda kusema ati wageni wamejaa. Wageni gani? Watu wanatoka pahali shamba imegawanywa mpaka mtu anabaki na nafasi ya kaburi yake, wanatoka pahali kazi imeisha, wanakuja pahali kuna mtu anajenga. Mimi mwenyewe nilikuja Nakuru juu ya lori nikiwa nimekalia ukuta ya mtu.

Huyo mtu alikuwa Mama Sabina.

Mama Sabina alikuwa anauza chai, maharagwe na chapati pale karibu na geti ya kiwanda, Elburgon. Nyumba yake ilikuwa ndogo, chumba mbili, ya mbao ya saiprasi iliyonyooka vizuri, na dirisha moja kubwa lenye kibao cha kuwekea vikombe. Alikuwa anauza kwa hiyo dirisha. Hakuwa na mkahawa, hakuwa na kibanda. Anaamka, anafungua dirisha, biashara imeanza. Halafu kiwanda ikanyamaza. Mashine zikazimwa, vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anapita kwa dirisha kumuaga akisema anaenda Nakuru kwa mjengo.

Siku moja akamwita Mzee. Nilikuwepo, nilikuwa nakula chapati yake.

"Barno, hii nyumba yangu inaweza kufika Nakuru?"

"Inaweza kufika popote lori inafika. Kwani unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Wateja wangu wote wako huko. Nimekaa hapa naangalia barabara kama mjinga na watu wa kula chakula yangu wako Lanet, hapo pembeni ya Nakuru, wanakula mandazi baridi."

"Mathe, si ununue nyumba ingine huko huko," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe Kui, umewahi kuona konokono akinunua?"

Basi tukaishusha. Hiyo ndiyo nyumba nilifanya kutoka mwanzo hadi mwisho, chaki yangu mwenyewe, herufi zangu mbaya. Mama Sabina alikaa mbele na dereva, ameshika sufuria yake kubwa kwa mapaja, hakutaka iende nyuma na sisi. Tulipofika Lanet kulikuwa na mashamba bado. Nyumba ya mawe moja huku, ingine kule, mahindi katikati. Mwenye ploti alikuwa Baba Brayo, mtu mpole tu, alirithi hicho kipande kwa babake na alitaka mtu wa kukikalia wakati anajipanga. Akatuonyesha mpaka, akaenda zake.

Na hapa ndio Kevo unasema mzee alikosea. Sikiza vizuri kwa sababu wewe hukuwa hapo.

Mzee hakupima. Alitafuta jiwe akakaa. Vijana wa lori wanalalamika, mawingu yanakuja, yeye amekaa. Nikamwendea.

"Mzee, tunaanza wapi?"

"Watu wanapita wapi?"

"Watu gani? Hapa ni mahindi."

"Angalia."

Nikaangalia. Kweli, kulikuwa na njia ya miguu, imekanyagwa mpaka ikang'aa, inakatiza kwa shamba kutoka pale mjengo ilikuwa mpaka stegi ya matatu. Vijana wa mjengo walikuwa wanaifuata asubuhi na jioni. Upande ule mwingine, nyuma ya ploti, kulikuwa na fensi ya michongoma na shamba ya mtu, hakuna hata nyayo ya mbuzi.

"Dirisha iangalie njia," Mzee akasema. "Mgongo ya nyumba tusukume mpaka kwa fensi, mbele abaki na nafasi ya benchi."

Mtu mwenye akili angefanya nini kingine? Niambie. Mama Sabina mwenyewe alisimama pale akaangalia hiyo njia, akapiga makofi. Jioni tukasikia komeo. Kesho yake alikuwa anauza, na wa kwanza kwa dirisha alikuwa kijana wa Elburgon aliyeshika kikombe akauliza, "Mama, kwani niko wapi?"

Ilienda vizuri hivyo mpaka mji ukafika. Na mji haukufuata njia ya miguu. Ile shamba ya nyuma iliuzwa vipande, michongoma ikang'olewa, na barabara ikapitishwa pale pale nyuma, kwanza ya vumbi, baadaye lami. Ile njia ya mbele ikafungwa na ukuta wa fleti. Nyumba ya Mama Sabina ikabaki imeipa barabara mgongo. Watu wakawa wanapita nyuma yake mamia kwa mamia, wananusa chapati, wanaangalia ukuta mweusi wa oili, wanaenda. Dirisha yake ikawa inaangalia ukuta wa mawe na kamba ya nguo. Hapo ndio jina lilianza, ati nyumba ya mzee mlevi. Mzee Barno hajawahi kuonja pombe maisha yake yote. Anakunywa maziwa lala peke yake, na hata hiyo anakunywa kidogo kidogo.

Mama Sabina hakutuita kwa muda. Nilipita siku moja nikampata amekaa na sufuria haijafunguliwa.

"Mbona hukupiga simu, mathe?"

"Nipige niseme nini? Barno ataumia roho."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi Elburgon kwa kaka yangu, nikae jikoni kwa bibi yake nikiambiwa chumvi imezidi."

Alisema akicheka lakini aliniangalia mikono, sio macho. Nikatoka hapo nikampigia Mzee. Alikuja na matatu ya kwanza kesho yake. Akazunguka nyumba, akagusa mbao, akaingiza kucha kwa tundu za misumari. Akasimama mbele ya Mama Sabina, akatoa kofia.

"Ni mimi niliiweka hivi."

"Si wewe," nikasema. "Ni barabara. Wewe ungejua aje barabara itatoka nyuma? Hata hao walioipima hawakuwa wameambiana."

"Kui, nyamaza kidogo."

"Sitanyamaza. Watu wanakutukana huko nje na hawajui."

"Najua hawajui. Sasa nyamaza tufanye kazi."

Wewe Kevo ulikuwa umejiunga na sisi mwezi huo, na swali lako lilikuwa zuri, nakupatia hiyo. Uliuliza si tukate tu dirisha ingine ukuta wa nyuma. Mzee alikujibu. Nyumba ilikuwa imebana kwa mpaka, ukikata dirisha hapo mteja anasimama kwa lami, na lori ya mawe haijui kuna mtu anakunywa chai. Ukasema basi tuishushe, tuisimamishe upya. Akakuchukua mkono, akakuwekea kidole kwa zile tundu. Saiprasi imepigwa misumari Elburgon, imepigwa tena Lanet. Ukiitoa uipige mara ya tatu inapasuka, na kweli hapo utabaki na kuni. Ilikuwa lazima ibebwe ikiwa nzima, isogezwe, igeuzwe, iwekwe.

Ukauliza nani ataibeba. Hilo ndilo swali sisi wote tulikuwa nalo.

Tulifunga fremu na mbao za kukatiza ndani. Tukapitisha miti ya mkaratusi chini, inatokea kila upande kama machela. Lakini sisi tulikuwa wachache na nyumba ni nyumba. Mzee akaenda kwa barabara akasimama, akasalimia kila mtu anapita. Hakuhubiri. Alikuwa anasema tu, "Boss, kuna mama hapa anataka kugeuka, utusaidie mkono kidogo."

Mimi nilisema haitawezekana. Hapo Lanet hakuna mtu anajua mtu. Mmoja ametoka Kisii, mwingine Bomet, mwingine Kakamega, mwingine juzi tu kutoka Turkana, wanaishi mlango kwa mlango na hawajuani hata jina, wanajuana kwa nguo iko kwa kamba. Wa kwanza kuja alikuwa mtu wa boda. Halafu vijana wa mjengo wakashuka na kofia zao. Halafu mwalimu wa nasari na chaki bado mkononi. Halafu Mzee Singh wa hadiwea ya ng'ambo ya barabara akaleta kamba na wafanyakazi wake wote, akafunga duka kabisa. Watu wa fleti wakatoka kwa balkoni na simu zao kupiga video, na mama mmoja akawapigia kelele, "Nyinyi huko juu, hizo mikono ni za kushika simu tu?" Wakashuka. Wengine walishuka na patipati za bafu miguuni.

Mzee alisimama mbele. Alihesabu kwa sauti ya kawaida tu, na nyumba ikainuka. Sijui niseme aje. Nyumba ya mtu, na pazia bado iko kwa dirisha, inatembea. Ndani kikombe kimoja kilianguka, tukasikia, na Mama Sabina kutoka nyuma akasema, "Hicho kilikuwa na ufa, endeleeni." Watu wakacheka na kucheka ni mbaya ukiwa umebeba. Kona ya kwangu ikashuka. Mti uliteleza, na nikaona nyumba inaanza kulala upande wa Mzee. Nikaingiza mgongo chini. Sikufikiria. Niliskia kitu kimelia ndani yangu kama ubao, na nikashikilia mpaka wakaweka jiwe.

Hiyo ndiyo siku mgongo yangu iliharibika, kama kuna mtu alikuwa anadhani ni uzee. Nilifanya kazi bado, miaka kadhaa, nikijifunga leso kiunoni na kumeza dawa, mpaka nikashindwa kuokota hata nyundo. Sijuti na usinionee huruma.

Nyumba ikageuka. Dirisha ikaangalia lami, na mbele nafasi ya benchi. Mama Sabina alipika chai ya wote, ikawa watu wanaulizana majina wakiwa na kikombe mkononi, kumbe huyu anaishi juu ya huyu. Mpaka leo ukitaka kujua nani ametafuta fundi, nani amefiwa, nani anahitaji nyumba ya kukodisha, unaenda kwa hiyo dirisha. Wakati Baba Brayo alilazwa, mchango ulikusanywa hapo. Mtaa mzima ulizaliwa kwa hiyo benchi, na nyinyi mnasema githeri.

Sasa Baba Brayo anataka kujenga, na nyinyi ndio amewapatia kazi ya kuiondoa. Sina shida na yeye, amengoja miaka, ana watoto wa chuo, na watu wanazidi kuja na wanahitaji pahali pa kulala. Alimwambia Mama Sabina mapema na kwa heshima. Mama Sabina ndiye alinyamaza tena, kama ile mara ya kwanza. Nilijua kwa grupu, Kevo, kwa maneno yako. Unajua hiyo inakaa aje?

Nilienda Ijumaa. Nilimpata ameanza kufunga vikombe na magazeti.

"Nani alikuambia ufunge?"

"Kui, mimi nimechoka kuhama. Wachana na mbao. Zimefanya kazi yake."

"Na wewe utaenda wapi?"

"Si kwa kaka."

"Kaka yako alifariki, mathe."

"Basi kwa bibi yake. Chumvi yangu bado imezidi."

Nilivuka barabara nikaingia kwa hadiwea. Mzee Singh alikuwa anapima chuma. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, na mnajua vile naongeaga nikiwa nimeshika moto. Akaweka tepu chini.

"Mama akienda, wafanyakazi yangu watakunywa chai wapi?"

"Ndiyo nauliza."

"Ile kona ya yadi, pale naweka mchanga. Mimi naweza kusogeza mchanga. Lakini ikuje nzima, Kui, mimi sitaki rundo ya mbao kwa yadi."

Nikampigia Baba Brayo. Akasema yeye anataka tu ploti iwe wazi Jumatatu mchana kwa sababu wachimbaji wa msingi wanafika, ikitoka kwa kubebwa ama kwa kuvunjwa yeye malipo yenu ni ileile. Watu wa boda wamesema watafunga barabara pande zote mbili tukivuka. Mwalimu wa nasari atakuja. Wale wa patipati pia.

Mama Sabina nilimwambia jana jioni. Alifungua kikombe kimoja kutoka kwa gazeti, akanimwagia chai.

Mzee Barno hajui haya. Yuko kwake Elburgon, miguu inamsumbua, anakaa kwa jua. Akinipigia anauliza kwanza kama Mama Sabina bado anauza. Kila mara mimi humjibu anauza. Kevo, huyo mzee ndiye alikununulia buti zako za kwanza, na hukumrudishia hata asante, na bado ananiuliza kama unakula vizuri.

Ninachokosa ni watu wanajua kufunga fremu, kupitisha miti na kusoma kona ikianza kushuka. Hao ni nyinyi. Mimi siwezi kubeba tena, nitasimama mbele nihesabu. Mko na miti, mko na kamba, mko na mtaimbo wa mzee mwenyewe, na ile pesa ya kuni kila mtu anajua inatosha soda tu. Kwa hivyo usinijibu na kidole wala na kucheka. Jumatatu asubuhi, utabeba ama utavunja?